Mafiga Matatu Ndani ya Buti

Nilikwenda El Paso kupimwa miguu, nikarudi sina viatu.

Ilikuwa Aprili 2014. Nilikuwa na mwaka wa tano naendesha malori kutoka Fort Worth, Texas, na njia yangu kubwa ilikuwa ya magharibi: unaifuata barabara kuu ya I-20 mpaka inapofia, unaingia I-10, halafu ni jangwa tupu hadi uione milima ya Franklin, na chini yake El Paso imebanana na Juárez ya Mexico, mto katikati. Ni maili 600 na ushei, na bado hujatoka Texas. Nilipofika Marekani sikujua kwamba jimbo moja linaweza kumchosha mtu hivyo.

Mabuti ya kauboi mwanzoni niliyacheka. Pale Stockyards, soko la zamani la ng'ombe la Fort Worth, hupitishwa ng'ombe wenye mapembe marefu kila siku saa tano na nusu mchana na saa kumi jioni, watalii wapige picha, na kila anayetazama amevaa mabuti hata kama kazi yake ni benki. Mwaka 2012 nikanunua langu dukani, la kiwandani, bei ya kawaida. Nilitaka kuonekana mwenyeji. Nikaja kuyapenda kwa sababu nyingine kabisa.

Dereva Mwislamu Marekani ana tatizo moja ambalo hasimulii nyumbani: kuosha miguu. Upo kituo cha malori, unataka kutawadha, na hakuna bomba la chini. Unainua mguu, unautia kwenye sinki la kunawia uso, na wakati huohuo ndio wanaume watatu wanaingia kupiga mswaki. Hakuna anayekusema. Wanakutazama tu kwenye kioo. Siku moja nikiwa nimevaa buti langu nikamkumbuka maalimu wangu wa chuoni Tanga, akitufundisha kupukusa juu ya khofu: ukivaa kiatu cha ngozi kinachofunika vifundo, ukakivaa ukiwa na udhu kamili, basi udhu unaofuata huhitaji kukivua. Unalowesha mkono unapukusa juu yake. Mkazi usiku na mchana mmoja, msafiri siku tatu na mikesha yake. Wakati ule tukiona ni habari za Waarabu na ngamia wao. Nani Tanga avae kiatu cha ngozi hadi nusu ya muundi kwa lile joto? Kumbe somo lilikuwa linaningoja Texas. Miaka miwili nikapukusa kwa raha zangu, na masinki nikaachana nayo.

Buti lenyewe lakini lilinitesa. Mguu wa kushoto ulikuwa unabanwa dole la mwisho, wa kulia unaogelea. Nikazoea. Mimi nimekulia viatu vya mtumba vya soko la Mgandini, Tanga, na kiatu cha mtumba hakikufuati wewe, wewe ndiye unayekifuata: kikiwa kikubwa unatia gazeti, kikiwa kidogo unavumilia mpaka kilegee au kiende kwa mdogo wako. Hata siku moja mtu hakuwahi kunipima mguu. Babu yangu alikuwa akishona makubadhi, na nimeshika msharasi wake na kumpakia nta uzi, lakini hata yeye wajukuu alitupima kwa kutupia jicho.

Mkenya mmoja niliyekuwa nikipishana naye njiani ndiye aliyenielekeza kwa mzee wa El Paso. "Kaka, acha kujitesa, kuna mzee pale anashona kwa mkono. Ni ghali, lakini ukivaa utanipigia simu."

El Paso ni mji wa mabuti hasa. Tony Lama alifungua karakana yake hapo mwaka 1911 baada ya kuwashonea viatu askari wa kambi ya Fort Bliss, na kampuni zilizofuata zimeufanya mji ujulikane. Ila mzee wangu hakuwa na kampuni. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba, cherehani mbili nyeusi za zamani, na ukuta mzima wa kalibu za mti, yaani mifano ya miguu ya kushonea viatu, zilizoning'inizwa jozi jozi, kila jozi na jina la mtu kwa penseli. Alitokea León, kule Mexico, ambako nusu ya ukoo wao, alivyosema, ni washona viatu. Alikuwa anakaribia miaka 80. Mimi nilimwita Don, yeye akaniita mijo, yaani mwanangu, kabla hata hajaniuliza jina.

Akanivua mabuti akayaweka kando ya kiti. Akaniambia nisimame na soksi juu ya karatasi ngumu, nisiegemee popote, nitazame mbele. Akapiga magoti. Mzee wa umri ule kupiga magoti mbele yangu kulinipa taabu, nikataka kuinama nimzuie, akanigonga goti kwa penseli: simama. Akauzungusha ule mguu kwa penseli iliyosimama wima, taratibu, kama anayechora kitu kinachoweza kuamka. Kisha futi ya kamba: kuzunguka mzizi wa vidole, kuzunguka kiuno cha mguu, juu ya mgongo wake, kutoka kisiginoni kupanda mpaka mbele ya kifundo, kifundo chenyewe, muundi. Akanikalisha, akapima tena vilevile, maana mguu uliobeba mwili si sawa na mguu uliopumzika. Kila tarakimu akaiandika juu ya mchoro. Alipoishika sugu iliyo chini ya mguu wa kushoto akaibonyeza kwa dole gumba.

"Klachi," akasema.

"Klachi," nikamjibu.

Mguu wa kushoto, akanionyesha, ni mrefu kuliko wa kulia, na wa kulia una mgongo wa juu zaidi. Nilikuwa na miaka 34 na sikuwa na habari. Akanieleza kwamba buti halina kamba wala kishikizo, kwa hiyo kinachoushika mguu ni ule mgongo peke yake. Akikosea pale, kisigino kitacheza maisha yake yote. Ndiyo maana kalibu huongezwa vipande vya ngozi hapa na pale mpaka iwe mguu wa mwenyewe. Kutokuwa na kamba nako kuna sababu: mchunga ng'ombe akitupwa na farasi, mguu uchomoke, asiburutwe. Ncha nyembamba iingie kwenye kikuku cha tandiko, kisigino kirefu kizuie mguu usipenye ukanasa. Mimi farasi sina. Nikamwambia nataka kisigino kifupi cha kutembelea, ncha isichongoke sana, ngozi ya ndama, rangi ya kahawa, na shingoni mishono michache tu. Alijaribu kunishawishi ngozi ya mbuni, ile yenye vinundu vya manyoya. "Inatoka Afrika Kusini," akasema, "kwenu." Nikaiacha ipite. Kwao Afrika ni uani kwa mtu mmoja.

Bei dola 1,200, nusu mkononi. Wakati ule ilikuwa kama shilingi milioni mbili za Tanzania, na mama alikuwa akiningoja nimalizie mabati. Mpaka leo hajui bei ya mabuti yale, na kwa kuwa simu yake ni ya batani, naandika kwa amani.

Nikishahesabu pesa ndipo nikakumbuka kuuliza. "Don, ndani unatandika ngozi gani?"

"Ng'ombe. Kwa nini?"

"Mimi Mwislamu. Nguruwe sigusi."

Hakujibu. Macho yake yakashuka kwenye mabuti yangu pale kando ya kiti, yakakaa hapohapo kidogo. Akaliokota la kushoto, akaenda nalo dirishani, akatia mkono ndani akakunja shingo yake nje, sehemu ya kisigino ikatokea juani. Akavuta droo akatoa kile kioo cha mafundi saa.

"Mijo. Njoo uhesabu vitundu."

Nikatazama. Ngozi ilikuwa laini, rangi ya maziwa yaliyoungua, imeng'aa kwa miaka miwili ya kisigino changu. Mwanzo sikuona kitu. Kisha vikatokea: vitundu vya vinyweleo, vitatu vimekaa pamoja, halafu nafasi, halafu vitatu tena, halafu vitatu tena. Kila kundi limekaa kama mafiga. Jiko, jiko, jiko, mpaka chini kwenye soli.

"Ng'ombe," akasema, akiniwekea kipande cha ngozi yake pembeni, "vyake ni vidogo na vimetawanyika sawasawa. Mbuzi vimejipanga mistari. Watatu watatu ni huyo mmoja tu."

Kitimoto. Miaka miwili, siku tatu na mikesha yake, nimepukusa juu ya kitimoto kutoka Amarillo hadi Laredo. Na nikimfikiria maalimu wangu, Mungu amrehemu, nilihisi fimbo mgongoni.

Nikatoka nje nikampigia mjomba, ndiye mwenye elimu kwetu. El Paso ilikuwa saa nne asubuhi, Tanga saa moja jioni, baina ya magharibi na isha, najua yupo barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umepata ajali?"

"Ajali ya kiatu."

Nikamweleza. Kimya kikawa kirefu nikadhani salio limeisha. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko cha mtu aliyejifunika kinywa kwa kanga ya mkewe. Akaniuliza kama nilivaa soksi. Nikasema soksi zilikuwa zikilowa jasho kila siku. "Jasho ni maji, mjomba. Sisi Mashafi hiyo ni najisi nzito. Mara saba, moja kwa udongo." Kuhusu swala zilizopita aliniambia maneno ambayo yatabaki baina yangu na yeye.

Kwa hiyo, uani kwa mzee wa Kimexico, penye bomba la kumwagilia pilipili zake, nikakunja suruali nikaosha miguu. Udongo wa El Paso ni mchanga mkavu, haushiki. Ilibidi niukande kwanza na maji mkononi kama unga wa chapati. Mzee akasimama mlangoni ananitazama. Hakucheka, hakuuliza. Nilipofika ya nne nikasahau hesabu, nikasita, na yeye akanyanyua vidole vinne.

Nilipomaliza nikabaki nimesimama pekupeku juu ya saruji ya moto. Mabuti yale siwezi kuyavaa, na lori liko mitaa miwili mbele. Mzee akaingia ndani akarudi na ndara zake mwenyewe, huarache wanaziita: ngozi ya kusukwa juu, na soli, nikazigeuza kuhakikisha, ni tairi la gari. Katambuga! Zilezile wanazochonga mafundi wa Handeni, na mashimo ya misumari ilipopigwa. Nikaangalia ile ngozi juani kwa kioo chake kabla sijazivaa. Alinipa kioo bila kuniambia neno. Nikaendesha maili 600 na katambuga miguuni, na msimamizi wangu Fort Worth alipoziona akataka kujua kama nimeibiwa.

Mabuti yalichukua miezi saba. Nilikwenda kuyachukua Novemba. Mzee alikuwa ameyaweka mezani na pembeni yake kile kioo, tayari. Akanikunjia shingo ya kila moja. Vitundu vimetawanyika kama mchanga. Kisha akanivisha: unashika masikio mawili ya juu, unasukuma, mguu unakwama kooni, unaona haiwezekani, halafu kisigino kinashuka na kutoa mlio, pop, kama kizibo. Mguu wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulikaa. Nikatembea mpaka mlangoni na kurudi, nikatembea tena bila sababu. Kisigino kilicheza kidogo, akasema kiache, soli ikishajua kukunjika kitatulia, na kweli baada ya wiki mbili kilitulia.

Akanipa masharti akiyahesabu kwa vidole: vumbi ulifute kila siku kwa brashi, kitambaa kibichi kikitosha sabuni ya nini, mafuta ya ngozi kidogo, yakizidi yanailegeza, usiyavae siku mbili mfululizo, yanataka kupumua, yakilowa jaza magazeti ndani uyaache kivulini, usiyaweke karibu na hita hata kama una haraka. Hilo la hita nililivunja Januari iliyofuata, kwenye barafu ya Amarillo, na uso wa buti la kulia mpaka leo una mpasuko mwembamba kama mstari wa kiganja. Alipouona alinyamaza, na kimya chake kilinishinda kuliko matusi.

Lakini siku ile ya Novemba bado hayajapata kosa. Nikamwomba Don nitumie bomba lake la pilipili. Nikatawadha, nikakausha miguu, nikavaa soksi mpya, nikayasukuma mabuti mguuni, pop, pop. Kisha nikaingia barabarani nikijihadhari, maana siku tatu za msafiri huanza kuhesabiwa pale udhu wa kwanza unapotoka, na nilitaka niijue saa yenyewe barabara.

Udhu ulinitoka karibu na Van Horn. Nikasimama pembeni nikachukua kalamu. Ila pale ndipo saa ya El Paso inapokwisha na saa ya Texas iliyobaki inaanza, moja mbele ya nyingine. Saa ya lori ilisema saa tisa. Simu ilisema saa kumi. Nikaziandika zote mbili.