Meza ya samaki, wiki ya tatu: nilimlaumu muuza gesi, kumbe umande

Meza ya kupara samaki niliyomwahidi shemeji bado iko vipande vipande, ila miguu imesimama na sinki limeshapata umbo. Nafanyia kazi nyuma ya nyumba, Kigamboni, chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili, na masika ndiyo kwanza yamekolea. Nachomelea kwa TIG: cheche ya umeme inatoka kwenye ncha ya tangsteni iliyo kwenye tochi, na gesi ya argoni inafunika chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Bati ni stenlesi ya daraja la 304, unene milimita 1.5. Waya wa kujazia ni 308L, tangsteni ni ile ya alama ya bluu, na mashine ni ya mtumba, DC, ampea 200. Kwa bati hili natembea na ampea 50 hivi.

Jumatatu asubuhi nikaanza pembe ya kwanza ya sinki. Chuma kilichoyeyuka hakikutulia, kilikuwa kinatokota. Mshono ulipopoa ukawa na vitundu kama chapati ya maji, pembeni rangi ya kijivu, na ncha ya tangsteni nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Nikafanya wanachofanya wengi: nikampigia simu aliyeniuzia argoni, nikamwambia mtungi wake una maji. Akanijibu kwa upole ambao sikuustahili: "Kaka, choma kipande kingine mchana, halafu nipigie."

Sikumsikiliza. Nikapandisha gesi kutoka lita 8 kwa dakika hadi 18, nikidhani nyingi ndiyo nzuri. Ikazidi kuharibika, maana kwa kikombe kidogo (mdomo wa tochi unaotoa gesi) gesi ikitoka kwa kasi inavurugika na kuvuta hewa ya nje ndani yake. Nikachoka, nikaenda kula. Saa nane mchana, jua limechungulia kidogo, nikarudisha lita 8 na kuchoma kipande chakavu. Mshono safi, unang'aa. Mtungi ule ule.

Jumanne asubuhi, matundu tena. Safari hii kabla ya kugusa tochi nikapitisha kidole kwenye mguu wa meza, kikaacha mstari. Umande. Chuma kililala usiku kucha kwenye sakafu ya saruji, alfajiri kina ubaridi kuliko hewa, na hewa ya huku miezi hii imejaa maji. Utando ule huuoni kwa macho mpaka uuguse. Moto wa TIG ukiukuta, maji yanavunjika: oksijeni inashika kromiamu ya stenlesi na kuunguza tangsteni, haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, kisha chuma kikianza kuganda inakosa pa kukaa na kutoka kwa vipovu. Ndiyo matundu yangu.

Nikasema hili dogo, nitakausha kwa moto wa gesi ya kupikia. Hapo nilijifunza kitu kwa aibu. Nilipopitisha moto juu ya bati, ukungu ukatokea kuuzunguka mwale, ukakimbia mbele yake kama pumzi kwenye kioo. Gesi ya kupikia ikiungua inatoa mvuke wa maji, na mvuke ukikuta bati baridi unageuka matone ya maji papo hapo. Nilikuwa nalilowesha bati kwa moto! Sasa natumia draya ya nywele ya mke wangu mpaka bati liwe vuguvugu kwa mgongo wa mkono, kisha nafuta kwa asetoni, bati na waya wote. Jua likipatikana naanika kwanza. Mwenye draya alinikuta nimepanga vipande kwenye mkeka, akauliza: "Baba watoto, siku hizi unaanika mabati kama dagaa?"

Umande ulikuwa nusu ya tatizo. Mshono wa kwanza wa siku uliendelea kuwa na vitundu viwili vitatu hata bati likiwa kavu, kisha wa pili na wa tatu safi. Hiyo ilinipeleka kwenye mpira wa gesi: hulala ukining'inia msumarini, mdomo wazi, ukinywa hewa ya usiku. Sasa nikimaliza naziba mdomo wa tochi, na asubuhi naachia argoni ipite dakika mbili tatu kabla ya kuwasha. Gesi inaliwa, najua, lakini kusaga mshono mbovu kunakula zaidi. Nimeweka pia lenzi ya gesi, kichujio cha wavu kinachoifanya gesi itoke kwa utulivu, na kikombe namba 8, gesi lita 11 kwa dakika, na pangaboi nimelizima ingawa jasho linanitoka mpaka kwenye glavu. Glavu zikilowa nabadilisha. Sichezi na umeme na mikono mibichi.

Jumatano nikampigia muuza gesi kumwomba radhi. Alicheka.

Alhamisi nilipata mshono niliotaka: rangi ya asali upande mmoja, bluu kidogo mwishoni nilikochelewa. Mgongo wake ulikuwa na magamba meusi kama sukari guru iliyoungua, kwa sababu nyuma hakukuwa na gesi. Pembe zilizobaki nikaziba nyuma kwa karatasi ya alumini ya gundi na kuingiza argoni taratibu, zikatoka nyeupe. Rangi nimeitoa kwa brashi ya stenlesi, si ile ya chuma cha kawaida inayoacha mbegu za kutu, kisha nikapaka ndimu ya unga iliyokorogwa kwenye maji moto. Kwa hewa ya bahari stenlesi ya 316, inayostahimili chumvi zaidi, ingefaa, ila bei ilinirudisha nyumbani. Shemeji ameambiwa asuuze meza kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, maana chini ya paa chumvi haioshwi na mvua.

Jana nimepaka chaki nje ya mishono na mafuta ya taa ndani, nikasubiri nusu saa. Pembe tatu kavu. Ile ya Jumatatu, niliyoifukia juu kwa juu badala ya kuisaga, imetoa doa la ukubwa wa punje ya mtama. Jumamosi naifungua upya, mchana.