Mikate 200 na Ulimi Mmoja

Tafakari ya wiki. Somo: 1 Samweli 25:2–42, pamoja na 2 Samweli 6:16–23

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Abigaili anahubiriwa sana kwenye semina za akina mama, na mara nyingi anahubiriwa vibaya. Tunaambiwa ni mke mpole aliyenyamaza akavumilia. Hebu fungueni Biblia. Mama huyu alipakia punda chakula cha nyumba bila kumwambia mumewe, Nabali (mstari wa 19), akaenda kukutana na Daudi na watu wake 400 wenye panga, na mbele yao akamwita mumewe mpumbavu. Anayetumia sura hii kumwambia mke avumilie kipigo, mstari hana.

Ugomvi wenyewe tunaujua. Nabali yuko Karmeli ya Yuda, kusini mwa Hebroni, si ule mlima wa Eliya. Ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, na ni siku za kukata manyoya, siku za karamu. Daudi bado hajawa mfalme, anamkimbia Sauli. Watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali nyikani, kwa hiyo Daudi anatuma vijana 10 kuomba chochote kilichopo. Nabali anawajibu: Daudi ndiye nani? Siku hizi watumwa wanaotoroka mabwana zao wamejaa. Daudi anajifunga upanga, anaapa kwamba hadi asubuhi hatabaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ile.

Aliyemfikishia Abigaili habari ni mtumishi, na mtumishi huyo hakupepesa maneno: bwana wetu haambiliki. Tukae hapo kidogo. Katika nyumba ile hata mfanyakazi alijua nani haambiliki na nani anasikia. Hatusomi kwamba Abigaili alimuuliza “nani kakutuma?” au “unamsemaje bwana wako hivyo?” Dada wa kazi akiogopa kukufuata jikoni na habari mbaya, habari hiyo utaikuta sebuleni, na panga zimeshatolewa.

Sasa mzigo. Mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliokwisha kuandaliwa, bisi vipimo 5, vishada 100 vya zabibu kavu, na mikate 200 ya tini. Bisi ni nafaka iliyokaangwa, na vipimo 5 ni kama lita 35, yaani ndoo kubwa mbili zisizojaa. Ukigawa, ni mkate mmoja kwa watu wawili na kondoo mmoja kwa watu 80. Hapo hakuna wa kushiba. Ila angalieni aina ya chakula: kila kitu kimeshaokwa, kimechinjwa, kimekaushwa. Hakuna cha kuanza kuandaliwa. Alichukua kilichokuwa tayari kwa sababu hakuwa na siku, alikuwa na saa. Tena chakula kilitangulia, yeye akaja nyuma. Mtu mwenye njaa na hasira aone punda wa mikate kwanza, halafu ndipo asikie sauti.

Hotuba yenyewe iko mstari wa 24 hadi 31, ni dakika chache tu ukiisoma kwa sauti. Anashuka kwenye punda, anaanguka kifudifudi, anachukua lawama, anaomba ruhusa ya kusema. Kisha Nabali anamalizwa kwa sentensi moja: jina lake ni mpumbavu, na upumbavu anao. Kiebrania jina hilo maana yake ni hiyo hiyo, kwa hiyo ni mchezo wa maneno. Mtu mwenye hasira akiusikia, pumzi inashuka kidogo. Angeendelea kumsema mumewe kwa mistari minne, ingekuwa umbea.

Mstari wa 26 ndio wa kusoma mara mbili. Anasema Bwana amemzuia Daudi asimwage damu. Amemzuia lini? Upanga bado uko kiunoni! Anamshukuru Mungu kwa jambo ambalo Daudi hajakubali, na hivyo anampa mlango wa kurudi nyuma bila aibu. Zawadi anaitaja baadaye, na anasema ni ya vijana, si ya Daudi, isije ikaonekana hongo. Halafu, mstari wa 29, anataja kombeo: Mungu atawarusha adui zako kama jiwe la kombeo. Goliathi, lile jitu ambalo Daudi aliliangusha kwa kombeo, hamtaji, hana haja. Mbele yake kuna mtu mwenye upanga, naye anamkumbusha siku ambayo hakuwa na upanga mkononi. Ombi lake mwenyewe, “unikumbuke”, linakuja mwisho kabisa.

Daudi akakubali, akarudi nyuma. Abigaili aliporudi nyumbani alimkuta Nabali amelewa chakari. Hakumwambia neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi divai ilipomtoka. Baadaye Nabali akafa, na Daudi akamwoa Abigaili.

Mlinganisheni na Mikali, mke mwingine wa Daudi. Naye ulimi anao. Daudi anarudi kutoka kulileta sanduku la Bwana, amefurahi, anakuja kuibariki nyumba yake, na Mikali anamdaka nje kwa kejeli kuhusu kujifunua mbele ya vijakazi. Simlaumu kirahisi. Aliozwa kwa Daudi, kisha akaozwa kwa mwanamume mwingine, Paltieli, halafu akanyang'anywa arudishwe kwa Daudi huku mume yule akimfuata analia. Uchungu ulikuwa na asili. Lakini kejeli ile haikuacha mlango wa kurudi, na jibu lililokuja lilikuwa chungu kuliko kejeli yenyewe.

Tulete hili kwenye kikoba chetu. Tuseme wanachama 25, kila mmoja 10,000 kwa wiki, wiki 12: hiyo ni 3,000,000, na mweka hazina hajasoma taarifa. Mfuate siku mbili kabla ya kikao, na hesabu umeiandika kwenye karatasi. Mwambie: “Kaka, najua Jumamosi utatusomea ile milioni tatu, nimekuletea hesabu yangu tulinganishe.” Yaani unamwambia atasoma, kama mstari wa 26. Usichanganye na deni la mwaka juzi wala mambo ya mkewe. Akikataa, kwenye kikao simama na swali moja tu, lenye namba, kisha ukae. Ukiuliza matano, atajibu lile jepesi na wengine watapiga makofi.

Kwenye ibada ya nyumbani wiki hii, sura ya 25 isomwe kwa sauti na watu wanne: msimulizi, Nabali, Daudi, na Abigaili. Sehemu ya Abigaili apewe dada ambaye huwa haongei kwenye vikao. Akifika mstari wa 26, msomaji anyamaze kidogo, na kila mmoja aliyepo ataje kimoyomoyo mtu mmoja ambaye upanga wake bado uko kiunoni.