Upepo wa Mgongoni

Ilikuwa mwezi wa Mei, kusi imeshaingia na masika hayajaisha. Tulitoka Nairobi kwenda Mombasa alfajiri na Boeing 737, kapteni akirusha, mimi rubani msaidizi nikishika redio na hesabu. Safari hiyo haifiki saa nzima. Humalizi kupanda vizuri, unaanza kushuka.

Uwanja wa Moi una kero ambayo abiria haioni. Mitambo ya kumwongoza rubani ndani ya wingu iko kwenye ranwei 03, njia ya kutulia unayoiingia ukielekea nyuzi 30, kaskazini-mashariki. Kusi nayo huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Basi wingu likishuka, unakuja kutua upepo ukikusukuma mgongoni. Kikomo chetu cha upepo wa nyuma kilikuwa noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa.

Mnara ulipoturuhusu kutua, upepo ulikuwa ukitoka nyuzi 180, yaani kusini, noti 7. Tukiwa futi 900 ukasomwa tena: nyuzi 170, noti 14. Tofauti na ranwei ni nyuzi 140, kwa hiyo karibu noti 11 zatoka nyuma. Noti moja tu imezidi, na ranwei ina mita 3,350! Urefu huo ndio unaomponza mtu. Badala ya kugusa ardhi kwa noti 138 ungegusa kwa 149, na breki zingebeba nishati zaidi kwa asilimia 17 hivi, juu ya lami inayotiririka maji.

"Upepo umezidi, kapteni."

Hakubishana. Akabonyeza kitufe cha kupaa tena mara moja tu; ukibonyeza mara mbili injini hutoa nguvu zote, na ndege iliyokwisha punguza mafuta hupitiliza kimo ulichopangiwa kabla hujakaa sawa. Pua ikainuka hadi nyuzi 15 hivi. Nikarudisha flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa, kutoka 30 hadi 15, nikangoja altimita ionyeshe kweli tunapanda, ndipo nikainua magurudumu. Wengi huharibu hapa kwa kukimbilia redio. Mnara ulituuliza tunataka nini; niliuacha ungoje. Kwanza ndege ipae, kisha ijue inakoelekea, maneno baadaye.

Tulipotulia juu ya bahari, tukapiga hesabu ya mafuta. Tulikuwa na kilo 5,200. Kurudi Nairobi ni 2,500, na akiba ya mwisho ya dakika 30, kilo 1,100, haiguswi. Zilibaki 1,600, na jaribio moja zima lingekula kama 700. Kwenye karatasi ni majaribio mawili. Kapteni akasema moja, halafu Nairobi, kwa sababu ukifika huko nako unaweza kuambiwa upange foleni.

Tulizunguka dakika kumi na mbili. Mvua ikasogea bara, upepo ukashuka hadi noti 8 kutoka nyuzi 150, zile za nyuma zikiwa nne tu. Tukatua bila kishindo, waipa zikikwaruza kioo ambacho tayari kilikuwa kimekauka.

Mlangoni mama mmoja wa buibui alinishika mkono.

"Mwanangu, kwani mulipotea?"

"La, mama. Upepo tu."

Akachungulia nje, akaiona soksi ya upepo imelala kwenye mlingoti wake, akaguna, akashuka ngazi.