Bangi, mirungi na kibali cha usalama: msiwadanganye vijana

Tunaoishi Maryland, Virginia na Washington, D.C. tunajua kazi nzuri za kompyuta ziko wapi: serikalini, na kwenye makampuni yenye tenda za serikali. Vijana wetu wamechoka kubeba boksi, wamesomea usalama wa mitandao, wanapata ofa, halafu wanafika kwenye kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, na kuingiwa na hofu kwa sababu waliwahi kutumia bangi au mirungi. Wakiuliza wakubwa wanaambiwa, "Kausha tu, nani atajua?" Ushauri huo unaniuma sana, maana ndio unaowamaliza.

Fomu ya kuombea kibali hicho ni SF-86. Sehemu ya 23 inauliza kama umetumia dawa za kulevya kinyume cha sheria ndani ya miaka 7 iliyopita. Hapohapo imeandikwa kwamba majibu ya kweli ya sehemu hiyo hayatatumika kama ushahidi wa kukushtaki. Ila ukidanganya kwa makusudi, hilo ni kosa la jinai, na kifungo chake kinafika miaka 5.

Bangi ya zamani peke yake haikunyimi kibali. Miongozo ya kutoa vibali iliyoanza kutumika mwaka 2017 inaangalia ulivuta lini, mara ngapi, na kama kweli umeacha. Desemba 2021 Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa alikazia hivyo hivyo. Anayeendelea kuvuta ndiye asiyepewa, na asijitetee kwamba Maryland imeruhusu tangu Julai 2023. Kibali ni cha serikali ya shirikisho, na sheria ya jimbo haimsaidii kitu.

Na huyo wa "nani atajua" hajawahi kutembelewa na mpelelezi. Mimi nimemkaribisha mmoja sebuleni, kijana wa jirani alipoandika jina langu kwenye fomu. Mpelelezi alionyesha kitambulisho, akafungua daftari, akauliza mpaka chai ikapoa: unamfahamu vipi, anakunywa pombe, ana madeni, umewahi kumwona akitumia dawa za kulevya? Mwisho akaomba majina ya watu wengine wanaomfahamu. Kwa hiyo hata rafiki wa chuo ambaye hukumwandika popote anaweza kufikiwa.

Tusisahau mirungi. Kenya watu wanaitafuna hadharani, na wengine huku wanaiona ni majani tu ya kuchangamsha baraza. Cathinone, kemikali ya kulevya iliyomo kwenye majani mabichi, Marekani imewekwa kundi moja na heroini. Ukiitafuna hapa, swali la Sehemu ya 23 linakuhusu.

Kwa sisi wahamiaji kuna hatari kubwa zaidi, nayo huanza kabla ya SF-86. Kibali hupewa raia, na njia ya uraia inapita kwenye fomu N-400, inayouliza hata makosa ambayo hukuwahi kukamatwa nayo. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilieleza wazi kwamba bangi, hata kwenye jimbo lililoiruhusu, inaweza kukukwamisha kwenye kigezo cha mwenendo mwema. Kukiri tu bila hata kuhukumiwa kunaweza kumletea mwenye green card matatizo. Kwa hiyo mwenye historia hiyo amwone wakili wa uhamiaji kabla hajajaza chochote.

Na kama tayari wewe ni raia, lakini ukweli unaotakiwa kwenye SF-86 unapingana na ulichoapa kwenye N-400, simama kwanza. Nenda kwa wakili hata kama mwajiri anakuharakisha, kwa sababu uraia uliopatikana kwa uongo unaweza kufutwa mahakamani.