Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa mbwa, Bombo, Uganda

Saa 11 alfajiri. Natawadha, naswali, kisha natoka uani kwenye kibanda cha mabati ambamo nguo zangu za kazi zinaning'inia peke yake. Ni sharti la mama: nguo za mbwa hazivuki kizingiti cha nyumba. Sisi ni Wanubi wa Bombo, na kwa mafundisho niliyolelewa nayo mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba kinaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Nalishika hilo. Nashika pia kwamba aya ya 4 ya Sura al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na kwamba anayemfundisha anamfunza kwa elimu aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Shehe wetu alinisomea aya hiyo nikiwa kijana, siku baba alipokirusha nje ya ua kitoto cha mbwa nilichokificha kwenye gunia. Hakumlaumu baba wala hakunilaumu mimi. Alisoma tu, akaenda zake.

Leo nimeamka na tumbo zito. Ni Jumamosi, na Jumamosi hii ni zamu yangu kusimulia jambo langu mbele ya kundi ninalolifundisha.

Saa 12 na nusu. Mfuko wangu: mukene mkavu, yaani dagaa, wa shilingi elfu mbili, vipande vya kitenge, dumu la maji, sabuni ya mche. Mukene ndiyo mshahara wa mbwa wote ninaowafundisha. Wananuka, ni wadogo, wanamezwa haraka, na hakuna mbwa wa Luweero, wilaya yetu, anayewakataa. Sabuni ni kwa ajili ya meno. Akikuuma mbwa, hata kama unamjua, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu kimbia hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana hakuna mbwa anayeingia kwenye kundi letu bila kadi ya chanjo, na kadi ikipita mwaka anabaki nyumbani.

Saa 1 asubuhi. Matugga, kwa mzee mmoja mwenye German Shepherd aliyefungwa mnyororo wa mita moja na nusu mchana kutwa. Mzee alilalamika kwamba mbwa amezaliwa na roho mbaya. Nikamjibu kwa heshima, mzee wangu, wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Alicheka, kisha akanyamaza. Tulifanya kazi dakika 10 tu: mbwa akitazama mtu apitaye njiani bila kubweka, nasema "ndiyo", anapata mukene ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa, unamlipa kwa kitu kingine alichokwisha kukifanya. Mzee amekubali kumfungulia saa za usiku. Nitarudi Jumanne.

Saa 3. Kiwanja cha mpira, Wobulenzi. Hapa ndipo siku yangu ilipo.

Leo tulikuwa watu 9 na mbwa 8, wengi wao mbwa wa kienyeji, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Kuna afande mstaafu, kuna dada wa Bunia, Kongo, aliyevuka mpaka kuikimbia vita ya Ituri, kuna kijana wa boda boda kutoka Arua, kuna walinzi wawili wa usiku, kuna Jjajja. Jjajja ni bibi kwa Kiganda, na sote tunamwita hivyo. Lugha inayotukutanisha ni Kiswahili, kila mtu na cha kwao.

Kabla ya zoezi lolote tunakaa duara. Mmoja anasimulia jambo lake na mbwa, la zamani au la jana, huku amemshika mbwa wake kamba. Haulizwi "kwa nini". Linalosemwa haliondoki kiwanjani bila ruhusa yake. Haya ya Jjajja nayaandika kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia niyaandike. Wazo la duara nililipata kutoka Gulu, kaskazini mwa nchi. Huko Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho akiwa na umri wa miaka 12 baada ya bomu kulipuka shambani, alianzisha The Comfort Dog Project chini ya shirika la BIG FIX Uganda. Walionusurika vita wanapewa mbwa waliookolewa, wanajifunza kuwalea na kuwafundisha, na wanazungumza wao kwa wao. Mimi si mwanasaikolojia na sijifanyi mmoja. Ila nilijiuliza: miaka yote hii nafundisha mbwa, je, namjua aliyeshika ule mwisho mwingine wa kamba?

Jjajja ndiye aliyenijibu. Wiki 3 za mwanzo alikataa kumvalisha mbwa wake kamba. Nikimpa, anaipokea, anaikunja vizuri, anaiweka mapajani. Nikisema "Kaa!" au "Lala chini!", yeye ndiye anayeshtuka, na mbwa wake anamfuata. Nilimwona mkaidi. Nilimwambia mlinzi mmoja pembeni kwamba mama huyu anatupotezea muda, na maneno hayo yananichoma hadi leo.

Wiki ya 4 alisimulia. Alianza kwa Kiganda, dada mmoja akitafsiri. Mwaka 1983, vita vya msituni kati ya serikali na waasi vikiwa katikati ya Luweero, alikuwa na miaka 17. Familia ilikimbilia msituni usiku na mbwa wao akawafuata. Mbwa hajui kunyamaza. Baba yake alirudi naye nyuma hatua nyingi, akamfunga kwa kamba kwenye mfenesi, akawafikia wengine bila kusema kitu. Walimsikia akiwaita usiku kucha. Kabla ya mapambazuko sauti ikakatika.

Halafu katikati ya sentensi Jjajja akaacha Kiganda akahamia Kiswahili, akinitazama usoni. Alisema Kiswahili cha kwanza alichokijua maishani ni cha askari waliogonga mlango wao kabla ya usiku ule: "Fungua! Toka! Lala chini!"

Lala chini. Neno langu lile lile, ninalolipaza kila Jumamosi.

Kiswahili kwangu ni lugha ya mama akinipakulia chakula. Najua kwamba Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na nimewahi kubishana na watu kwenye takisi wanaosema hiki ni kilugha cha wanajeshi na wezi. Siku ile sikuwa na la kubishana. Nilimwomba msamaha, yeye akasema, "Mwanangu, wewe hukuwa umezaliwa."

Tukabadilisha mambo mawili. Kwanza, kila mtu achague maneno ya amri kwa lugha anayoitaka. Mbwa hajui Kiswahili wala Kiingereza. Anajua sauti moja isiyobadilika na kinachofuata baada yake. Mbwa wa Jjajja sasa anakaa kwa "tuula", anakuja kwa "jangu". Pili, badala ya kamba, Jjajja alirarua ukanda wa kitenge chake cha zamani. Mwanzoni mbwa aliuburuta tu ukiwa huru. Baadaye Jjajja akawa anaugusa ncha. Leo ameushika mwanzo hadi mwisho wa kikao, vidole viwili tu, na mbwa amelala miguuni pake.

Basi, zamu yangu.

Baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, mahoteli na maduka makubwa yalitaka mbwa getini. Nami niliingia kazini kwenye kampuni moja ya ulinzi, nikakabidhiwa jike la German Shepherd na wiki 6 za kumweka tayari. Nilifundishwa kufundisha kwa mnyororo unaokaba na fimbo, na nilijifunza vizuri. Yule mbwa alikuwa akiniambia kila siku: anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo bila chakula, anageuza uso. Leo nawafundisha watu kwamba hizo ni dalili za mbwa mwenye hofu anayeomba nafasi. Wakati ule niliziita dharau. Asubuhi moja niliinua mkono kufuta jasho, akadhani ni fimbo, akaniuma mkono hapa, chini ya kiwiko. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba mbwa ameshambulia bila kuchokozwa. Nilijua si kweli. Niliweka sahihi. Siku mbili baadaye akadungwa sindano ya kumuua, na mimi nikapewa mbwa mwingine.

Nilipofika kwenye sahihi sauti ilinikwama. Mbwa wangu, ambaye huwa analala kama jiwe kwenye duara, alikuwa amesimama, anahema, anapiga miayo. Sikumwona. Aliyemwona ni Jjajja.

"Mwalimu," akasema, "legeza kamba."

Nilikuwa nimeizungusha kamba mara tatu kiganjani, imekaza hadi kola imemwinua shingo. Kila Jumamosi nasema ni kupitia kamba mbwa anaposoma mkono wako. Nililegeza. Ilichukua muda, labda dakika nzima, kabla mbwa hajajilaza tena, na hakuna mtu aliyeongea katika muda huo wote.

Kisha afande akauliza, "Jina lake nani?"

Nilikuwa nimesimulia yote bila kumtaja jina. Tausi, nikasema. Anaitwa Tausi. Sikuwa nimelitamka jina hilo kwa miaka zaidi ya 10. Afande akalirudia polepole, kama anavyoitika mtu kwenye gwaride, na dada wa Bunia naye akalirudia. Hakuna aliyeniambia "si kosa lako". Nawashukuru kwa hilo, maana lilikuwa kosa langu.

Saa 5. Jua lilikuwa limepanda, na mbwa anajipooza hasa kwa kuhema, kwa hiyo mazoezi yalikuwa mafupi. Mwito wa kurudi kwa mwenyewe, mara 5 kila mmoja, kutoka hatua 10 hadi 30. Mbwa wa dada wa Bunia aliona mbuzi katikati ya njia, akasita, akamwacha mbuzi akarudi. Alipata konzi nzima ya mukene. Mpokeeni mbwa kwa furaha anaporudi, nawaambia sana hili, hata kama alichelewa, hata kama mlikuwa mmekasirika. Anayepigwa anaporudi hujifunza kutorudi.

Kijana wa boda boda alibaki wakati wengine wanaondoka. Zamu yake ni Jumamosi ijayo. Aliniuliza kama lazima mtu asimulie jambo zito. Nikamwambia hapana, simulia hata mbwa wako alivyokuibia chapati. Akasema anaona ataanza na hiyo chapati.

Saa 8 mchana. Kikomando, chapati na maharagwe, kando ya barabara ya Gulu. Nilikula sahani mbili. Sikujua nilivyokuwa na njaa.

Saa 10 jioni. Nyumba mbili za Bombo, vitoto vya mbwa vya wiki 9. Kazi ya raha kuliko zote. Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14 mlango wa akili yao uko wazi. Wanachokutana nacho kwa upole wakati huo hawataogopa sana baadaye. Leo walikutana na mwavuli, na mtu mwenye kanzu, ambaye ni mimi.

Saa 12 na nusu jioni. Kibandani, nikavua nguo, nikaoga, nikavaa safi. Mama aliniuliza mbona macho mekundu. Nikamweleza habari ya Tausi, ambayo hata yeye hakuijua. Alisikiliza akipepeta mchele. Akaniambia ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Naijua tangu madrasa. Lakini sikumbuki mama kuwahi kunisimulia.

Saa 3 usiku. Mvua kubwa, umeme umekatika. Simu ikaita, ni Jjajja.

"Mwalimu, analia barazani. Nimeshindwa kulala, nimemwingiza jikoni. Nimeharibu mafunzo?"

"Hapana, Jjajja, hujaharibu. Umemfunga?"

"Sijamfunga. Amelala juu ya gunia la mkaa."

"Basi mwache hapo."

"Haya. Usiku mwema, mwanangu."