Mipangilio ya programa kabla ya kuandika chipu

Programa ya CH341A, ile nyeusi ndogo ya USB ya kusoma na kuandika chipu za kumbukumbu, utaikuta kwenye meza za mafundi wa TV na laptopu kuanzia Nakuru hadi Kisumu, na bei ndiyo sababu. Inafanya kazi vizuri, ila ina kasoro ya kujua mapema. Pini ya 8 ya soketi hutoa volti 3.3, lakini laini za data hutoka kwenye CH341A yenyewe, ambayo hulishwa volti 5 za USB. Datashiti ya W25Q, chipu za kumbukumbu za Winbond, hairuhusu pini yoyote izidi VCC (volti inayolisha chipu) kwa zaidi ya 0.4. Chipu nyingi huvumilia, nyingine hufa polepole, na fundi hulaumu faili. Chukua mita, pini ya 4 iwe hasi, pima pini ya 1 programa ikiwa imetulia. Ukiona karibu 5, ifanyie marekebisho au ununue toleo lenye swichi ya kuchagua volti.

Volti ndiyo mpangilio wa kwanza, hata kabla ya kufungua programu kwenye kompyuta. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zina chipu za BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) za volti 1.8, na kwa umbo hazitofautiani kabisa na za 3.3. Soma herufi zilizo mgongoni: W25Q64FV ni ya 3.3, W25Q64FW ni ya 1.8. Kwa Macronix, MX25L ni 3.3 na MX25U ni 1.8. Kwa GigaDevice, GD25Q ni 3.3 na GD25LQ ni 1.8. Ya 1.8 inahitaji adapta yake kati ya soketi na chipu. Kama maandishi yamefutika, anza na adapta. Chipu ya 3.3 iliyopewa 1.8 haitajibu, lakini haitaungua.

Kisha soma ID, namba ya utambulisho ambayo chipu yenyewe hujibu. W25Q64FV hujibu EF 40 17, na W25Q64FW hujibu EF 60 17. Baiti ya mwisho ndiyo ukubwa: 17 kwa heksi (hesabu ya msingi wa 16) ni 23, na 2 ikizidishwa yenyewe mara 23 inakupa baiti 8,388,608. Ikiwa 18, faili lako lazima liwe na baiti 16,777,216, si pungufu wala zaidi. ID ikija FF FF FF au 00 00 00, usianze kubadilisha jina la chipu kwenye orodha ukitumaini mojawapo litakubali. Hapo tatizo ni mguso wa klipu inayoshika miguu ya chipu, pini ya 1 iliyogeuzwa, au kutu. Kisumu na vijiji vya kando ya ziwa unyevu hukaa kwenye miguu ya chipu hadi inageuka kijani. Isugue kwa mswaki na spiriti kwanza.

Klipu ikiwa juu ya bodi, programa hailishi chipu peke yake, inalisha kila kitu kilichounganishwa kwenye laini hiyo ya 3.3. Pima pini ya 8 klipu ikiwa imeshika. Ikishuka chini ya 2.7, itoe chipu kwa bloa, usibishane nayo. Chomoa TV ukutani kabisa, na waya wa klipu usirefushwe.

Soma mara mbili, hifadhi mafaili mawili, yalinganishe. Yakitofautiana hata baiti moja, bado hujasoma. Angalia pia kama nusu ya pili ya faili ni nakala ya nusu ya kwanza: mara nyingi hiyo ni chipu ndogo iliyobandikwa jina la kubwa, na ziko sokoni. Faili la asili usilifute hata kama TV haiwaki, kwa sababu lina aina ya paneli na namba za bodi hiyo. Faili la TV ya modeli hiyo hiyo lenye paneli nyingine litakupa picha iliyopinduka juu chini, na mteja atakurudia jioni.

Kuandika kuna mpangilio wake: futa, hakikisha ni tupu, andika, hakiki. Kuandika hugeuza 1 kuwa 0 tu; kurudisha 1 ni kazi ya kufuta, kwa hiyo ukiruka hatua hiyo unapata mchanganyiko wa faili la zamani na jipya. Uhakiki ukikwama kwenye anwani ya kwanza kabisa na chipu ina ID sahihi, tazama rejista ya hali: biti za BP, za kuzuia uandishi, zimefunga kumbukumbu. Zirudishe kuwa 0. Lakini andika kando thamani ya rejista ya pili kabla ya kuigusa, maana biti ya QE, inayowasha usomaji kwa laini nne za data, iko humo, na kuna bodi ambazo haziwaki QE ikiwa 0.

EEPROM ndogo za 24C, chipu za kuhifadhi mipangilio hata umeme ukizimwa, ndizo hudharauliwa sana, na ndizo zenye mtego. Hadi 24C16 anwani ni baiti moja. Kuanzia 24C32 ni mbili. Ukichagua vibaya, unasoma takataka, na kuandika kutaharibu data. Mtego wa pili ni ukubwa wa ukurasa: 24C02 za watengenezaji wengi zina ukurasa wa baiti 8, 24C16 ina 16, 24C32 ina 32. Ukiweka 16 kwenye chipu ya 8, baiti za tisa na kuendelea zinarudi mwanzo wa ukurasa na kufunika zile za kwanza. Ukiona vipande vya data vinaruka kila baiti 8, umepata sababu. Kwa 93C46, EEPROM ya aina nyingine, jambo ni pini ya 6, ORG: ikiunganishwa chini ni baiti 128 za biti 8, ikiwa juu ni maneno 64 ya biti 16. Chagua kama bodi ilivyounganishwa. (Wanaotaka kuandika chipu hizi ili kupunguza kilomita kwenye dashibodi ya matatu watafute pengine.)

Sasa maikrokontrola, ambako mipangilio huitwa fyuzi. ATmega328P, ile ya Arduino Uno, ikiwa mpya kutoka kiwandani ina fyuzi ya chini 62, ya juu D9 na ya tatu FF: saa ya ndani ya MHz 8 iliyogawanywa kwa 8, yaani MHz 1. Saa ya programa lazima iwe chini ya robo ya saa ya chipu, yaani chini ya kHz 250. USBasp, programa ya chipu hizi, huanza na kHz 375. Ndiyo maana chipu mpya "haijibu" na ile iliyotoka kwenye Arduino inajibu. Punguza kasi kwa -B kwenye avrdude, programu ya kompyuta inayoiendesha:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10 -U lfuse:r:-:h -U hfuse:r:-:h -U efuse:r:-:h

Saini sahihi ni 1E 95 0F. Ukipata 1E 95 14, hiyo ni ATmega328 isiyo na P, badilisha jina kwenye amri. Usilazimishe kwa -F.

Kumbuka fyuzi iliyowashwa ni 0. Kuna programu ambazo alama ya tiki humaanisha 0 na nyingine humaanisha 1, kwa hiyo linganisha na namba ya heksi kila mara. Kwa kristali ya MHz 16 fyuzi ya chini ni FF. Ukiiandika kwenye chipu isiyo na kristali, itanyamaza. Ipe mawimbi ya mraba ya MHz 1 kwenye pini ya 9, Arduino nyingine inaweza kuyatoa, kisha irudishe. RSTDISBL, fyuzi inayozima pini ya reset, usiiguse, kuirudisha kunahitaji programa yenye hali ya volti 12.

Fyuzi ya tatu ndiyo ningeisisitiza kwa vifaa vya huku. Mashine ya kuangulia vifaranga au kidhibiti cha pampu huhifadhi vipimo kwenye EEPROM, na stima ikishuka polepole chipu isiyo na kinga huendelea kukimbia ovyo na inaweza kuandika takataka humo. FD hukata kwenye volti 2.7, lakini MHz 16 inahitaji karibu 3.8. Kwa hiyo weka FC, inayokata kwenye 4.3. Na kama hutaki kufuta chipu kuondoke na vipimo vya mteja, fyuzi ya juu iwe D1 badala ya D9.

PIC, maikrokontrola za Microchip, zina jambo moja la kuogopa. PIC12F675 hubeba thamani ya kurekebisha saa kwenye anwani ya 3FF, kwa sura ya 34xx. Isome na uiandike kwenye karatasi kabla ya kufuta. Ikipotea na kubaki 3FFF, programu inayoiita itarudi mwanzo bila mwisho. Bado unaweza kuweka 80 kwenye OSCCAL, rejista ya kurekebisha saa, na kurekebisha ukipima mawimbi. Kwenye 16F877A zima LVP (kuandika kwa volti ndogo), la sivyo RB3 haiwezi kuwa pini ya kawaida, na ikielea chipu inakwama.

Fanya haya yote kwa laptopu yenye betri iliyojaa, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kufuta BIOS unabaki na chipu tupu. Biti za kufunga msimbo huja mwisho kabisa, uhakiki ukishapita, kwani chipu iliyofungwa haihakikiki tena.