Siku yangu na ubao wa herufi, Mtwara mjini

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mwezi wa kumi hapa Mtwara huhitaji alamu. Nafungua dirisha, jua linanipiga usoni, nafumba. Kufumba na kufumbua, mboni zangu zimeshajikunja kutoka upana wa kama milimita 6 hadi 2 hivi. Kujikunja huko ndiko kunakonilisha, maana mimi ni mpima macho. Wateja wananiita daktari, nimechoka kuwasahihisha.

Saa mbili. Chumba chetu cha kupimia, jirani na soko, kina mita 3 na ushee, na ubao unatakiwa usomwe kutoka mita 6. Basi nimeutundika juu ya kichwa cha mteja, herufi zimechapwa kinyume, naye anausoma kwenye kioo cha ukutani mbele yake: mita 3 kwenda, mita 3 kurudi. Nafuta vumbi kwenye kioo, nakagua taa ya ubao. Taa ikififia, hata mwenye macho ya mwewe anashuka mstari.

Saa tatu na nusu. Anaingia mama mmoja fundi cherehani kutoka Mikindani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Macho yangu yana saa. Mchana natunga uzi mara moja tu. Ikifika magharibi, uzi nauramba mpaka unaisha na tundu silioni."

Sijapata kusikia mtu akiieleza vizuri hivyo. Ana miaka 46. Lenzi ya ndani ya jicho lake imeshaanza kukakamaa, kama ya kila mtu aliyevuka 40, kwa hiyo vitu vya karibu vinamletea ukungu. Mchana jua linakunja mboni, na mboni ndogo inafanya kazi ya tundu la pini: miale inayopotoka inabaki nje, picha inakaa sawa hata bila miwani. Jioni mboni inapanuka, ukungu wote unaingia. Nilichukua kipande cha boksi, nikakitoboa kwa sindano yake mwenyewe, nikamwambia achungulie gazeti. Akasoma tangazo la chini kabisa, akakishusha, akakinyanyua tena. "Sasa hii miwani ya boksi shilingi ngapi?" Nilimpa ya kusomea, namba moja na nusu, na nikamwambia ahamishe cherehani karibu na mlango.

Saa tano. Kijana wa bodaboda. Anasoma 6/5, yaani akiwa mita 6 anasoma herufi ambayo macho mazima ya kawaida yangeisoma kwa mita 5. Lakini anataka miwani "kali", asome namba za magari akiwa kona ya pili. Hawa ndio wanaonichosha, kwa sababu jibu lake si fupi.

Ubao huu unatokana na ule wa Mholanzi Herman Snellen wa mwaka 1862. Herufi ya mstari wa 6/6 ina urefu wa karibu milimita 9, na unene wa kila mstari wake haufiki milimita 2. Ukiigawa digrii moja ya pembe mara 60, kipande kimoja ndicho jicho zima linachotenganisha; ni kama milimita 1 ukiwa mita 3 na nusu. Mwenye bahati anapita hapo kidogo, kama huyu, halafu basi. Nyuma ya jicho, katikati ya retina, chembe za kupokea mwanga zimepangwa kama punje za mtama kwenye ungo. Ili uone mistari miwili na si mmoja, lazima punje mbili ziguswe na mwanga na moja katikati yao ibaki gizani. Mistari ikikaribiana zaidi ya hapo, punje zinaona kitu kimoja. Ni kama kuvuta picha kwenye simu: ukishafika kwenye vidoti, hata uvute vipi huongezi kitu. Na mboni nayo ina mambo yake. Ikipanuka sana, kingo za lenzi zinaharibu picha. Ikibana sana, mwanga wenyewe unatawanyika kwenye tundu. Milimita 2 au 3 ndiyo mahali pazuri.

"Kwa hiyo hamna dawa?" akauliza.

"Sogea karibu na gari," nikamwambia. Alicheka, akaondoka bila kununua. Bosi wangu hakucheka.

Saa sita na nusu. Jua liko utosini kabisa, kivuli nimekikanyaga. Nakula ming'oko na chumvi ya pilipili barazani, na umeme unakatika. Kila ukikatika namkumbuka dereva mmoja wa mwaka wangu wa kwanza. Siku ile nilijifanya mjanja: nikatoa ubao nje, nikautundika ukutani, jua kali, nikapima umbali kwa hatua. Akasoma mpaka mstari wa chini. Nikamwambia macho mazima, nenda. Baada ya wiki mbili akarudi amenuna. Barabara ya Masasi, usiku, lori bovu limeegeshwa bila taa, kaliona likiwa mbele ya bampa. Nilipompima ndani, kwa taa yangu, alikuwa anahitaji miwani ya mbali. Jua lilinificha kosa lake: mboni ikipanuka mara 3, doa la ukungu kwenye retina nalo linapanuka mara 3, na mimi nilimpima likiwa dogo kuliko yote. Tangu hapo umeme ukikatika, nafunga mlango.

Saa nane umerudi. Mzee mmoja ana kilio kinyume na cha yule mama: juani haoni, kivulini anaona. Nikamulika, mtoto wa jicho amekaa katikati ya lenzi. Mboni ikijikunja, kilichobaki wazi ni pale palipoziba. Hapo miwani haisaidii. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali kufanyiwa upasuaji.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, narudi nyumbani. Kwenye kamba ya jirani kuna kanga mbili, nyekundu na ya kijani. Asubuhi nyekundu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Sasa imekuwa kama nyeusi, na kijani bado inaonekana. Chembe za rangi zinaenda kulala, zinaamka zile za giza, ambazo nyekundu haziijui. Kila jioni nasimama hapo, jirani anadhani naitamani kanga yake.

Saa nne usiku, ufukwe wa Shangani. Mwezi haupo, na wavuvi wa dagaa wanapenda giza kama hili. Mjomba anasubiri wenzake. Nimemfungia kitambaa chekundu kwenye tochi, maana akimulika taa nyeupe, macho yake yanahitaji nusu saa kulizoea giza tena. Kilimia, lile kundi la nyota, imeshapanda juu ya bahari.

"Sita," anasema. "Kuna ya saba, ila nikiikazia macho inakimbia."

"Usiikazie. Angalia pembeni yake kidogo."

Katikati ya retina, pale tunaposomea, hakuna chembe hata moja ya giza, zimejaa pembeni. Mjomba akageuza jicho taratibu kuelekea kusini, kimya. "Saba... nane... ngoja, ngoja."

Simu yangu ikawaka mfukoni, nikaitoa bila kufikiri. Ni bosi, anauliza kama nimefunga dirisha.

"Umeziua zote," mjomba akasema, huku amefunika macho kwa kiganja. Nikaizima, tukakaa kwenye mchanga kungoja zirudi.